Orodha ya Majina Bwenini: Historia ya Tusi Moja Katika Shule za Kando ya Ziwa

Usiku mmoja wa mwezi Juni mwaka jana, yapata saa nne na nusu, nilipigiwa simu na mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari ya bweni upande wa Sengerema. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikiwa dirishani. "Shikamoo Dokta. Samahani kwa usiku huu. Nina mtoto hapa ofisini, na nje kuna wenzake wengi." Akaeleza kwamba mtoto huyo ni wa kidato cha pili, na kwamba viranja wa bweni wamemleta pamoja na karatasi yenye sahihi 31, wakitaka aondolewe usiku huo huo kwa kuwa, waliandika, ana tabia za kishoga. Mkuu wa shule alikuwa safarini Dodoma. "Dokta, nifanye nini?"

Nilimwambia mambo mawili. Mtoto asirudi bwenini usiku ule, bali apelekwe kwa matroni anayeishi na familia yake ndani ya eneo la shule. Na ile karatasi aifungie kabatini, asimpe mtu yeyote. Nilipokata simu sikulala. Ushauri ule haukuwa mbaya, lakini haukutokana na shahada yangu ya uzamivu. Naijua karatasi ya namna ile. Mwaka 1998, nikiwa kidato cha tatu katika shule moja ya wavulana ya kanda hii ya ziwa, niliwahi kutia sahihi yangu kwenye moja.

Aliyeandikwa alikuwa njuka, mtoto wa Ukerewe mwenye umri wa miaka kama 14, mpole, aliyeimba sauti ya kwanza katika kwaya kwa sababu sauti yake ilikuwa bado ya kitoto. Tulimwita Bi Harusi. Sikumbuki ni nani aliyelianzisha jina hilo. Majina ya bwenini hayana mwandishi. Lakini kosa lake halikuwa kuimba. Kosa lake, kama nilivyokuja kuelewa baada ya miaka mingi, ni kwamba alikwenda kwa patroni kulalamika kuwa kiranja mmoja wa kidato cha nne alikuwa akimsumbua usiku. Siku mbili baadaye karatasi ilianza kuzunguka vitandani, na aliyeizungusha ni kiranja yule yule. Nilisaini nikiwa nimesimama, kisha nikampa kalamu wa kitanda cha pili. Mtoto akapewa barua ya uhamisho, nasi watatu tukatumwa kumsindikiza na tranka lake hadi Bandari ya Kaskazini kupanda meli ya Nansio. Hakutuambia neno. Kiranja alimaliza mitihani yake salama.

Nimefundisha historia ya kanda hii kwa zaidi ya miaka kumi, na swali ninalotaka kuliuliza hapa ni la kihistoria: tulipata wapi mamlaka ya kuandika orodha ile? Ninapowauliza wanafunzi wangu, wengi hujibu kwamba ni mila zetu kukataa mambo hayo, na wachache hujibu kwamba mila zetu hazikuwa na tatizo nayo, bali chuki ililetwa na wakoloni. Majibu yote mawili yana chembe ya ukweli, na yote mawili yana kasoro moja: yanazungumza juu ya watu wazima na mataifa, na mtoto aliyeko ofisini kwa mwalimu wa zamu hayumo ndani yake.

Tuanze na ziwa lenyewe, na kisa ambacho kila mtoto wa shule za Kikatoliki za huku amekisikia. Tarehe 3 Juni 1886, pale Namugongo, Kabaka Mwanga wa pili wa Buganda aliwachoma moto vijana waliokuwa watumishi wa kasri lake. Wakatoliki 22 miongoni mwa waliouawa katika miaka ile walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa sita mwezi Oktoba 1964. Mdogo wao anayejulikana zaidi, Kizito, alikuwa na umri wa miaka kama 14. Kisa husimuliwa hivi: mfalme muovu aliwataka vijana wale kimwili, wao kwa kuwa wamebatizwa wakakataa, naye akawaua. Wanahistoria wameongeza mengine. Mwanga alikuwa kijana asiyefikia miaka 20, aliyeona Waingereza na Wajerumani wakiukaribia ufalme wake. Miezi michache kabla alikuwa ameamuru kuuawa kwa Askofu Hannington huko Busoga. Na watumishi wale walikuwa wameanza kumtii padri kuliko mfalme. Siku hizi wapo pia wanaomtaja Mwanga kama ushahidi kwamba mapenzi ya jinsia moja si kitu kigeni Afrika.

Mimi nakisoma kisa hiki kwa namna nyingine. Kasri la Mengo lilikuwa, kwa maana ya kweli, shule ya bweni. Watoto wa wakuu walipelekwa pale wakiwa wadogo, wakalala pamoja, wakafundishwa adabu na utawala, na wakubwa wakawaongoza wadogo. Katika mahali pa namna hiyo mtoto hana uwezo wa kumkataa aliye juu yake, awe anatakiwa nini. Tukimgeuza Mwanga kuwa hoja juu ya ushoga, tunalipoteza jambo la msingi, nalo ni nguvu ya mkubwa juu ya mdogo ndani ya nyumba iliyofungwa. Anayewataja mashahidi ili kumlaani mtoto mpole wa kidato cha pili amekisoma kisa kinyume. Katika kisa kile Kizito ndiye aliyekuwa mdogo, na ndiye aliyesema hapana.

Mwanga mwenyewe hakuishia Buganda. Alipopinduliwa mwaka 1888 alivuka ziwa kwa mitumbwi, akafikia Magu kwa wafanyabiashara wa Kiarabu, kisha akakimbilia misheni ya Mapadri Weupe pale Bukumbi, ambayo leo iko wilayani Misungwi, mwendo mfupi kutoka ninapoandika haya. Mapadri ambao wakristo wao aliwaua walimpa hifadhi. Huwa nawakumbusha wanafunzi wangu jambo hilo bila kuongeza maelezo.

Kuhusu mila, nina shahidi mmoja wa Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ambayo ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Ni habari ya mke na mume wasio na mtoto, yaani watu ambao miili yao haikufanya kile ambacho jamii iliitarajia ifanye, na ambao kwa sababu hiyo walisimangwa. Wakwe wanamchukua binti yao. Lakini tazama jinsi shauri lile linavyokwenda: watu wanakaa, wanasikilizana, Myombekere anatozwa faini ya pombe ya ndizi, anailipa, na anarudi nyumbani na mkewe. Sisemi kwamba mila zile zilikuwa pole. Hazikuwa, hasa kwa wanawake. Nasema kwamba zilikuwa na kikao, zilikuwa na mtu mzima aliyebeba dhamana ya uamuzi, na zilikuwa na njia ya kurudi. Kundi la vijana kumtoa mwenzao kitandani usiku na karatasi mkononi si mila ya mtu yeyote ninayemfahamu katika historia ya pwani hii ya ziwa.

Dini zetu kubwa zina makatazo yake, na sitajifanya hazina. Ila zina makatazo mengine pia. Fiqhi ya Kiislamu inamwadhibu vikali anayemsingizia mtu zinaa bila mashahidi wanne. Amri ya nane, kwa hesabu ya Wakatoliki, inakataza ushahidi wa uongo. Katika mahubiri ya shuleni nimesikia makatazo ya kwanza mara nyingi. Haya ya pili huyasikia nadra sana.

Maneno yenyewe yalisafiri. Pwani, shoga ni neno la upendo kati ya mwanamke na rafiki yake wa kike, na mpaka leo utalisikia hivyo Unguja na Tanga. Hanithi limetoka katika Kiarabu, na Oman neno hilo lilitaja kundi la watu waliojulikana na kuwa na nafasi yao, kama alivyoeleza mwanaanthropolojia Unni Wikan katika makala yake ya mwaka 1977 kuhusu mji wa Sohar. Bwenini kwetu neno shoga halikuwa na urafiki wowote ndani yake. Lilimwangukia kila aliyelia, kila aliyekataa kupigana, aliyejua kushona, aliyeoga peke yake.

Kisha kuna sheria. Wajerumani walipotawala kutoka boma la Mwanza walikuwa na kifungu chao cha 175, kilichowahusu Wazungu; Mwafrika alihukumiwa kwa amri za bomani. Kutoka zama zile nitataja jambo moja tu. Mwaka 1910 gazeti la walowezi pale Dar es Salaam lilieneza uvumi kwamba Gavana Albrecht von Rechenberg ana mahusiano na watumishi wake wa kiume, na habari ikafika mahakamani. Kilichowaudhi walowezi hasa ni siasa yake: aliamini kwamba uchumi wa koloni utabebwa na mkulima mdogo wa Kiafrika kuliko mashamba yao. Hawakuweza kumshinda kwa hoja, wakatafuta jina la kumwita.

Waingereza walileta sheria ya jinai ya India ya mwaka 1860, iliyotokana na rasimu ya Macaulay, na mwaka 1930 wakaitungia Tanganyika kanuni yake ya adhabu, ndugu wa zile za Kenya na Uganda za mwaka huo huo. Humo ndimo kilimo kifungu cha 154. Maneno tunayoyatamka kana kwamba ni methali ya wazee, kinyume cha maumbile, ni tafsiri ya lugha ya wanasheria wa Kiingereza. Adhabu ilikuwa kifungo kisichozidi miaka 14. Nina maoni yangu juu ya kifungu hicho, nami nitayaandika siku nyingine. Leo inatosha kuona kile ambacho hata sheria hiyo kali haisemi. Inaadhibu tendo, na tendo lazima lithibitishwe mbele ya hakimu. Mwendo, sauti, upole, na namna ya kucheka havimo. Hakuna kifungu chochote katika sheria za nchi hii kinachompa kiranja wa bweni kazi ya upelelezi.

Kazi hiyo ilitoka kwingine. Mwaka 1925 serikali ya Mwingereza ilifungua shule ya Tabora kwa ajili ya watoto wa machifu, wakiwamo watoto wa watemi wa Usukuma, kwa mfano wa shule za bweni za watu wa tabaka la juu huko Uingereza. Katika shule zile mdogo humtumikia mkubwa, na kiranja hutawala bweni kwa niaba ya mwalimu. Ulikuwa mpango wa gharama nafuu wa kutawala watoto wengi kwa walimu wachache, kama vile utawala wa machifu ulivyokuwa mpango wa gharama nafuu wa kutawala nchi kubwa kwa Wazungu wachache. Uhuru ulikuja, machifu wakaondolewa mwaka 1963, shule zikataifishwa, nyimbo zikabadilika. Bweni halikubadilika. Njuka wa mwaka 1996, mwaka MV Bukoba ilipozama na sisi tukasimama kwenye miamba kuitazama bahari yetu ndogo kwa hofu, alifua nguo za kaka zake na kuwabebea ndoo za maji kama ambavyo angefanya mwaka 1936. Usiku mwalimu wa zamu alilala. Aliyetawala alikuwa kijana wa miaka 18 au 19 mwenye fimbo ambayo hakuwa na haki ya kuishika. Kanuni za mwaka 1979 na zile za mwaka 2002, zilizopunguza viboko kutoka sita hadi vinne, zinampa ruhusa hiyo mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na zinataka adhabu iandikwe kitabuni. Kiranja hatajwi popote.

Sasa nirudi mwaka 1998, maana hapo ndipo historia ya nchi na ya bweni letu zilipokutana bila sisi kujua. Mwaka ule Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, namba 4. Ilikuwa matunda ya kampeni ndefu ya wanawake, TAMWA wakiwa mstari wa mbele, dhidi ya ubakaji na udhalilishaji wa watoto. Ndani ya sheria hiyo hiyo adhabu ya kifungu cha 154 ilipandishwa kutoka miaka 14 hadi isiyopungua miaka 30, na kufikia maisha. Tulisikia habari zake redioni tukiwa tunasubiri chakula. Bwenini tuliielewa kwa namna moja tu: kwamba sasa mtu kama Bi Harusi anaweza kufungwa miaka 30. Haikutujia kwamba kama sheria ile ilitungwa kwa ajili ya mtu yeyote mle bwenini, ilitungwa kwa ajili yake yeye, mtoto aliyekwenda kwa mtu mzima kusema kwamba anasumbuliwa usiku. Patroni naye hakuielewa hivyo. Alimsikia mtoto, akamsikia kiranja, kisha akaona karatasi yenye sahihi nyingi. Sahihi zikashinda.

Hapo ndipo ninapoiona hatari yenyewe ya tusi hili, na ndipo ninapotaka walimu waitazame kwa makini. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba takribani msichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 hupatwa na ukatili wa kingono kabla ya kufikia miaka 18. Mvulana 1 kati ya 7! Katika darasa la wavulana 45 hao ni sita. Mvulana wa namna hiyo akifungua mdomo, jina linamngoja. Ataulizwa kwa nini yeye, kwa nini hakupigana, na jioni bweni zima litakuwa limemwita kwa jina la kile alichotendewa. Anayemdhuru analijua hilo vizuri kuliko sisi. Hahitaji kumtisha mtoto kwa kisu. Jina lile linamtosha.

Si kila mtoto anayeitwa hivyo amedhulumiwa. Wengi ni wapole tu, au wana kigugumizi cha mwili ambacho umri utakiondoa. Na wasichana wana fungu lao: anayecheza mpira na kukata nywele huitwa jike dume, na mwezi Agosti 2021 tulisikia hata Ikulu, katika hafla ya kuwapongeza wachezaji wa kiume waliotuletea kombe, maneno juu ya vifua vya wachezaji wa kike na kukosa kwao waume. Wapo pia watoto ambao watakapokua watajikuta kweli wanawapenda watu wa jinsia yao. Mwanafunzi mmoja wa uzamili aliniuliza semina nzima ikisikia: "Na kama kweli yuko hivyo, Dokta?" Nilimsomea kifungu cha 5 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kinachokataza kumbagua mtoto kwa orodha ndefu ya sababu na kumalizia na hadhi nyingine yoyote. Nikamwomba anionyeshe mahali palipoandikwa isipokuwa. Semina ilikaa kimya, kisha tukaendelea na ratiba.

Orodha haziandikwi bwenini pekee. Februari 2017 naibu waziri mmoja wa afya alitishia kuchapisha majina ya watu aliowatuhumu. Mwishoni mwa Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam aliwaita wananchi wampelekee majina, na siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikatamka kwamba hayo ni maoni yake binafsi, si msimamo wa Serikali. Ng'ambo ya mpaka, Desemba 2021, waziri wa elimu wa Kenya, marehemu George Magoha, alisema wanafunzi wa aina hiyo wasikae shule za bweni, wasome shule za kutwa karibu na kwao. Sijui ni kiranja yupi angeachiwa kazi ya kuwatambua. Watoto husikiliza redio. Mkubwa anapoitisha majina, mdogo hutafuta kalamu.

Na tuhuma huua, hata isiyo ya jambo hili. Mwezi Agosti 2018, katika shule ya msingi Kibeta, Bukoba, mwanafunzi wa darasa la tano alipigwa hadi kufa kwa kushukiwa kuiba mkoba wa mwalimu. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilimhukumu mwalimu aliyempiga adhabu ya kifo. Nchi nzima ililia, na ilikuwa haki yake kulia. Lakini huwa najiuliza: tuhuma ingekuwa ya jambo jingine, lile ambalo makala hii inalizungumzia, machozi yangekuwa kiasi gani?

Wasomaji ambao ni watumishi wa umma huniandikia kwamba haya ni mazito, kwamba ofisa anayemtetea mtoto wa namna hiyo ataulizwa anatetea nini. Nawaelewa. Nawakumbusha wasichana wenye mimba. Kwa miongo kadhaa tuliwafukuza shuleni kwa jina la maadili, na kanuni za mwaka 2002 zikatumika kuhalalisha. Juni 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba katika utawala wake hakuna atakayerudi. Tarehe 24 Novemba 2021 Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba wanaweza kurudi. Maadili ya taifa hayakuanguka siku ya tarehe 25. Walimu waliokuwa wakiwaficha madaftari wasichana wale kabla ya waraka walikuwa sahihi kabla ya waraka.

Kuhusu kuzuia, kanda yetu ina uzoefu wake, nao si wa kufurahisha sana. Kuanzia mwaka 1999 mradi wa MEMA kwa Vijana ulifundisha afya ya uzazi katika shule za msingi za vijijini mkoani Mwanza, kwa walimu na waelimishaji rika, na ukapimwa kwa makini ambayo ni nadra barani. Ujuzi wa vijana uliongezeka na ukabaki nao kwa miaka. Maambukizi ya VVU hayakupungua. Mtoto alijua jibu sahihi, lakini aliendelea kuishi katika nyumba, soko na mwalo wenye nguvu zile zile. Kwa hiyo sina imani kubwa na semina ya siku moja yenye mada, maji ya chupa na posho. Huko Luwero, Uganda, shirika la Raising Voices lilifanya kazi na shule nzima, walimu, wanafunzi na uongozi, kubadilisha namna ya kuadhibu na kusikilizana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliohusisha shule 42, ulikuta kwamba katika shule zilizopata mpango huo asilimia 31 ya watoto walipigwa na watumishi wa shule katika wiki iliyotangulia, dhidi ya karibu asilimia 49 katika shule nyingine. Hapa kwetu Mabula Nkuba wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam na wenzake wamejaribu mafunzo ya walimu katika sekondari za umma, na ukatili wa walimu ukapungua. Kinachofanana katika kazi hizi mbili ni kwamba hazikuanza na hotuba juu ya mtoto wa ajabu. Zilianza na mkono wa mtu mzima.

Kwa bweni, nadhani pa kuanzia ni usiku. Mtu mzima awe macho. Kiranja asilale na ufunguo wala fimbo. Mtoto anayeleta lalamiko aandikwe na kulindwa kabla ya kuhojiwa aliyelalamikiwa, na siku zote kabla ya kusomwa kwa karatasi yoyote yenye sahihi. Mwalimu asiulize paredini kama mvulana anayelia ni mwanamke. Swali lile hurudi bwenini likiwa limeota meno. Madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto yapo kwenye miongozo, dawati la jinsia na watoto lipo polisi, simu namba 116 ipo na haina malipo, na kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka kila mmoja wetu atoe taarifa mtoto anapovunjiwa haki. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji sheria mpya.

Mwalimu wa Sengerema alifanya zaidi ya nilivyomwambia. Asubuhi alimpigia ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, mama mmoja mtu mzima ambaye alifika kwa bodaboda kabla ya mkuu wa shule kurudi. Alikaa na mtoto saa mbili, mlango ukiwa wazi kidogo na matroni akisuka mkeka barazani. Sitaandika alichoambiwa. Viranja wawili walihamishwa bweni, na mmoja shauri lake lilikwenda mbali zaidi. Mtoto bado yuko pale, analala chumba kilicho jirani na kwa matroni, na muhula uliopita alikuwa wa nne darasani.

Karatasi bado iko kabatini. Mkuu wa shule ameiulizia mara mbili. Mwalimu aliniuliza kama aichome, nikamwambia hapana, kwa sababu ina majina 31 ya watoto wa miaka 15 na 16, na kuna siku atahitaji kukaa na kila mmoja wao. Ameshakaa na tisa. Ananiambia kwamba sita kati yao hawakuisoma kabla ya kusaini, na kwamba mmoja alimwuliza kama inawezekana kufuta.

Nimeulizia Nansio juu ya mtoto wa mwaka 1998. Sijapata jibu.